Saratani: Alama za DNA zasaidia kuutambua uvimbe

Mgonjwa aliyepasuliwa uvimbe wa ubongo mjini Muscat, sawa na mwenzake wa Nairobi au Dar es Salaam, husubiri kwanza jina la uvimbe huo. Jina ndilo linaloamua iwapo atapewa mionzi, dawa kali au ataangaliwa tu.

Kwa muda mrefu jina hilo limetokana na hadubini. Lakini aina mbili za uvimbe huweza kufanana machoni mwa mtaalamu, ilhali moja hutibika na nyingine huua upesi.

Sasa wanasayansi husoma pia metilesheni, yaani alama ndogo za kemikali zinazobandikwa juu ya DNA. Mfano wake ni irabu za maandishi ya Kiarabu: herufi hazibadiliki, ila alama ndizo zinazoongoza usomaji. Katika seli, alama hizo husaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Mpangilio wake hubaki hata seli inapogeuka saratani, hivyo hufichua asili yake.

Mwaka 2018, watafiti walioongozwa na kituo cha Heidelberg, Ujerumani, walieleza programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa sampuli 2,801 kutambua makundi 82 ya uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo. Ilipojaribiwa kwa visa 1,104, utambuzi wa awali ulibadilishwa katika asilimia 12. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani, WHO, liliitambua njia hiyo katika mwongozo wake.

Kwa Oman, ambako Kituo cha Sultan Qaboos cha Matibabu na Utafiti wa Saratani kilianza kupokea wagonjwa mjini Muscat mwaka 2021, na kwa Afrika Mashariki pia, lipo jambo la kutia moyo. Kipimo hiki hufanyika hata kwa nyama iliyohifadhiwa katika nta. Hospitali isiyo na mitambo yaweza kuituma kwingineko.

Hata hivyo, gharama ni kubwa, na baadhi ya uvimbe hauingii katika kundi lolote. Kwa hiyo hadubini na mtaalamu wake bado vinahitajika.

Faida yake huonekana zaidi kwa watoto: mionzi isiyo ya lazima huweza kuudhuru ubongo unaokua, na tiba hafifu huupa uvimbe nafasi ya kurudi.