Usisubiri Kruger: ndege, wadudu na nyota wapo Fordsburg

Jamaa zetu wakija kututembelea kutoka Muscat au Dubai, huwa wana safari mbili tu kichwani: Oriental Plaza kununua vitambaa, na Kruger kuangalia simba. Kruger ni mwendo wa saa tano hivi kwa gari. Katikati ya hapo watoto wanakaa ndani ya fleti na simu zao, kwa sababu mitaa yetu si ya kumwachia mtoto atoke peke yake, na madirisha yote yana vyuma.

Hilo ndilo linalonikera mimi kama mzazi. Mtoto anaweza kukulia Fordsburg asimjue ndege hata mmoja kwa jina, na huku ndege wenyewe wako dirishani.

Machi ndio mwezi wa kuanza. Huko Ghuba joto linapanda. Huku kusini mambo ni kinyume. Mvua za radi zinapungua, anga linatakata, na asubuhi kuna kiubaridi, maana Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Basi chukueni sweta.

Asubuhi: ndege

Ukishasali alfajiri huna haja ya kumtafuta ndege wa kwanza, atakutafuta yeye. Ni kwarara, anayeitwa hapa hadeda kwa sababu ya kelele zake. Ana mdomo mrefu uliopinda, na ukimwona juani mabawa yake yanang'aa kijani na zambarau.

Baada yake watazameni tetere, mayna, na kasuku wa kijani mwenye pete shingoni. Mayna na kasuku si wenyeji hapa. Mayna aliletwa Durban kutoka India zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ila raha yenyewe ni hii: wote watatu wapo Muscat pia. Wanangu humpigia bibi yao wakashindana naye, nani kaona wangapi asubuhi hiyo. Bibi yuko kwenye baraza yake, wao dirishani. Kabla ya hapo mazungumzo yao yalikuwa salamu tu, kisha kimya.

Angalieni na nyaya za umeme. Mbayuwayu wanajipanga tayari kwa safari, na ikifika Aprili wengi wameshaondoka kwenda Ulaya na Asia. Ndege wa gramu 20 hivi anavuka bara zima! Wengine wa aina yake hupita Oman majira hayo hayo.

Mkiwa na gari, nendeni bwawa la Emmarentia, si mbali. Kuna bata wa Misri, na watoto wanapata pa kukimbia.

Mchana: wadudu

Jua likishapasha, mtafuteni kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu wa sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini mpaka anapokuwa kipepeo, ndiyo maana ndege humwepuka. Na huyu naye yupo Oman.

Mdudu wa kutisha ni nyenje mkubwa, urefu wa kidole, ambaye watu wa hapa wamempa jina la kamba wa Parktown. Hutoka usiku, na baada ya mvua huweza kuingia mpaka bafuni. Anaruka, na akitishwa hutoa uchafu mweusi unaonuka. Kelele zitapigwa, lakini msimpige kiatu. Anakula konokono wa bustanini, na yeye mwenyewe huliwa na kwarara. Mfunikeni bakuli, mtieni kadi chini, mkamwachie nje.

Usiku: Suheli

Huku mjini tunainua vichwa kutafuta mwezi wa Ramadhani na wa Idi, basi. Nyota tunazisahau.

Huko Ghuba mnaijua Suheli, ikionekana mwishoni mwa Agosti watu hushukuru kwamba joto linakaribia kuvunjika. Wazee wetu wa pwani waliuita upande mzima wa kusini "suheli", na mabaharia kama Ahmad bin Majid wa Julfar, Ras al-Khaimah ya leo, walisafiri kwa nyota. Kutoka Muscat Suheli haipandi zaidi ya nyuzi 14 hivi juu ya upeo. Kutoka Fordsburg inapita nyuzi 60, karibu utosini.

Machi, saa 1 na nusu usiku hapa, Muscat ni saa 3 na nusu. Wakati huo bibi na wajukuu wanaweza kuitazama pamoja. Kwetu kilimia kiko kaskazini-magharibi, na Msalaba wa Kusini unapanda kusini-mashariki. Chini yake kuna nyota mbili kali, na jirani na ya chini yake ipo Proxima Centauri, isiyoonekana kwa macho, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua. Iligunduliwa mwaka 1915 na Robert Innes, hapa hapa Johannesburg.

Barabarani usiku hatukai. Sisi tunapanda juu ya paa la jengo, mlinzi akiwa na habari, mtu mzima akikaa upande wa ukingo. Chagueni siku za mwisho wa mwezi wa Kiislamu, jioni haina mbalamwezi. Zimeni simu, mpeni kila mtoto dakika kumi macho yazoee giza.

Gharama yake ni chupa ya chai na daftari la kuandika majina.