Hesabu Mema Matatu

Ndugu uliyelala kitandani, usiku ni mrefu, na moyo wako unahesabu maumivu tu. Hesabu na mema pia.

Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake wa Marekani walieleza jaribio lao. Watu waliandika kila usiku, kwa juma moja, mambo mema matatu ya siku ile na sababu zake. Huzuni yao ilipungua kwa miezi sita, hasa kwa wale walioendelea.

Hujui kuandika? Tumia vidole vitatu. Uji ulikuwa wa moto. Jirani alikuchotea maji. Mtoto alicheka, nani alimchekesha? Labda ni wewe.

Lakini huzuni ikipita majuma mawili, usingizi na chakula vikikushinda, usinyamaze. Mwambie mwuguzi. Huenda ni ugonjwa, nao hutibika.