Malungu ya Ufipa, na Namna ya Kuyaonyesha kwa Wageni

Katika nchi ya juu ya Ufipa, tangu Sumbawanga hata Nkansi, yako bado matanuru ya udongo yaliyotumika zamani kuyeyushia chuma. Wafipa huita tanuru moja ilungu, na mengi malungu. Lililo zima hupita sana kimo cha mtu, na mengine hufikia meta tatu. Chini lina matundu pande zote, na juu li wazi. Wageni wajao kutazama maporomoko ya Kalambo hupenda kuonyeshwa na mambo ya kale ya wenyeji, na walimu huulizwa: Tuwaonyeshe nini, nacho kiwe cha kweli?

Kwanza yafaa kuijua kazi yenyewe. Katika ilungu fundi hakutumia mivukuto. Tanuru lilijazwa makaa na mtapo, yaani mawe yenye chuma, likaachwa liwake siku kadha wa kadha. Urefu wake ndio uliovuta pepo, kama dohani ivutavyo moshi, nayo hewa iliingia kwa mirija ya udongo iliyotiwa katika matundu ya chini. Kilichotoka humo hakikuwa chuma safi bado. Kilipelekwa katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika, hata kikapatikana chuma cha kufulia jembe na shoka. Basi amwonyeshaye mgeni ilungu peke yake amemwonyesha nusu ya kazi. Na kwa kuwa kintengwe ni kidogo, hubomoka upesi, wala watu hawakijali.

Tena palikuwa na mambo yasiyoonekana kwa macho. Tanuru lilihesabiwa kama bibi arusi, dawa zake zilitunzwa katika kikapu kiitwacho intangala, na mafundi walijitenga na wake zao muda wa kuyeyusha. Mwaka 1914 Padre Wyckaert, wa Mapadre Weupe, aliandika katika jarida la Anthropos juu ya wahunzi wa kipagani na wahunzi Wakristo wa pande za Tanganyika. Jina la makala hiyo latosha kutujulisha kwamba hata zamani hizo wenye kushika nyundo hawakuwa wa namna moja. Asemaye kwamba desturi ya Ufipa ilikuwa moja, isiyogeuka kamwe mpaka juzi, hasemi kweli.

Kazi ilififia majembe ya ng'ambo yalipoenea madukani, ingawa Greig aliweza kuieleza katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1937. Tangu hapo mvua na jembe vimekuwa vikiyala malungu.

Wako wadhanio kwamba dawa ya tanuru bovu ni simenti. Mimi naikataa. Simenti haipumui kama udongo. Maji hukaa nyuma yake na kuumenya udongo wa kale. Tena mtazamaji hatajua kipi ni cha babu na kipi ni cha mwaka jana. Afadhali kulijengea paa la nyasi, kuchimba mfereji wa maji, na kuwazuia ng'ombe wasijikune hapo.

Kama watu wataka kuuona moto, na wajenge ilungu jipya mbali kidogo, na mgeni aambiwe wazi kuwa ni jipya. Huko Buhaya, katika miaka ya 1970, wazee walijenga tena tanuru la kuyeyushia mbele ya wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery, na habari zake zikachapwa katika jarida la Science mwaka 1978. Wazee wale walikuwa wameiacha kazi miaka mingi. Hakuna aliyeliita tanuru lile la kale, wala halikupungukiwa heshima kwa hilo.

Lakini dawa na miiko je? Wengine husema pasipo hizo kazi si ya kweli. Wengine, kwamba Mkristo asizitaje kabisa. Naona pande zote mbili zimesahau neno moja. Mwiko wa fundi ulikuwa wa siku nyingi, tena wa moyo. Hauwezi kuchezwa kwa saa moja mbele ya mtu aliyelipa. Basi usiigizwe, bali usimuliwe: mzee aseme kwa Kifipa, mwalimu afasiri, bila kuficha. (Wageni wengi huja masikio yao yamekwisha kujaa habari za uchawi, kwa kuwa jina la Sumbawanga hufasiriwa "tupa uchawi". Kuwachezea dawa za ilungu ni kuwauzia walichokwisha kukiamini.) Hati ya Nara, iliyotungwa Japani mwaka 1994, yakiri kwamba ukweli wa urithi hupimwa ndani ya utamaduni wake, basi wa kuulizwa kwanza ni Wafipa wenyewe, si mleta wageni.

Liko na jambo la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda yenyewe majengo yaliyofanywa kabla ya mwaka 1863. Malungu mengi hayana umri huo, au hakuna awezaye kuuthibitisha. Hayo hulindwa tu yakitangazwa na Waziri, na kisichojulikana hakitangazwi. Kwa hiyo mwalimu aliye na ilungu karibu na shule na aandike jina la kijiji, kimo, hesabu ya matundu, kama kintengwe kipo, na ukoo wa mafundi iwapo wazee waukumbuka. Nakala moja ipelekwe halmashauri, nyingine ikae shuleni. Na yale mavi ya chuma yaliyolala kando yasipewe mgeni kuwa ukumbusho, kwa maana ndiyo yawaambiayo wajuzi jinsi moto ulivyokuwa.