Afisa Uhusiano Huanzia Kazi Ndani

Oktoba 28, 1906, treni ya umeme iliyokuwa ikielekea Atlantic City, jimbo la New Jersey nchini Marekani, iliacha reli darajani ikatumbukia majini. Watu zaidi ya 50 walikufa. Desturi ya kampuni za reli siku hizo ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite: waandishi hawakutakiwa eneo la ajali, na wakubwa walinyamaza mpaka habari ipoe. Ivy Lee, mshauri wa kampuni ya Pennsylvania Railroad aliyewahi kuwa mwandishi wa magazeti jijini New York, aliwashawishi mabosi wake wafanye kinyume. Aliandaa maelezo ya maandishi juu ya kilichotokea, akayasambaza, na waandishi wakakaribishwa kwenda kujionea. Gazeti la New York Times liliyachapa kama yalivyo. Waandishi wengi wa historia ya fani hii huyahesabu kuwa taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari.

Mwanafunzi wa uhusiano wa umma hukutana na kisa hicho mapema sana. Yaliyomkuta Lee miaka minane baadaye huyasikia kwa nadra. Aprili 1914, huko Ludlow, Colorado, askari wa jimbo na walinzi wa kampuni walishambulia kambi ya mahema ya wachimbaji wa makaa ya mawe waliokuwa kwenye mgomo. Miongoni mwa waliokufa walikuwemo wanawake na watoto. Familia ya Rockefeller, yenye hisa nyingi katika kampuni ile, ilimwajiri Lee ailinde heshima yake. Akatoa vijarida mfululizo vyenye maelezo ya upande wa wenye migodi, na humo yakapenya madai ya uongo, yakiwemo ya kukuza malipo ya viongozi wa wachimbaji. Tume ya serikali ilipomuuliza alifanya juhudi gani kuhakikisha kwamba aliyopewa ni kweli, alikiri kwamba hakufanya yoyote.

Mtu ni yuleyule, na kalamu ni ileile. Katika ajali ya treni alianza na wakubwa wake, akawafanya wabadili mwenendo, ndipo akaandika. Colorado alipokea maelezo yaliyokwisha kupikwa, akayatia viungo na kuyapakua. Hapo ndipo uhai wa taaluma yetu ulipo, na hapo ndipo tunapofundisha vibaya kuliko mahali pengine popote.

Historia ya ufundishaji wenyewe imebeba mvutano huohuo. Mwaka 1923 Edward Bernays alifundisha kozi ya uhusiano wa umma katika Chuo Kikuu cha New York, inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina yake, na mwaka huohuo akatoa kitabu kilichoipa kazi hii sura ya taaluma. Miaka sita baadaye, kwenye gwaride la Pasaka jijini New York, alipanga wanawake wawashe sigara barabarani kana kwamba ni tendo la kudai uhuru wao, ilhali aliyemlipa alikuwa American Tobacco Company, na umma haukujua. Chuo Kikuu cha Boston kilipofungua shule kamili ya fani hii mwaka 1947, maswali aliyoyaacha Bernays yalikuwa bado mezani, na mpaka leo hayajaondoka.

Kwetu Afrika Mashariki fani si ngeni. Chama cha wanataaluma wa Kenya, PRSK, kipo tangu 1971. Tanzania, shahada zinatolewa katika Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Mwanza, na kwingineko. Wahitimu wapo wizarani, halmashauri, benki, mamlaka za maji, kampuni za simu. Tatizo ni kile wanachotoka nacho darasani.

Chukua zoezi la kawaida kabisa. Bomba kuu limepasuka na mitaa kadhaa itakosa maji kwa siku tatu. Andika taarifa kwa umma. Karatasi nyingi hurudi zikiwa na mtindo mmoja: “Uongozi unapenda kuutaarifu umma kwamba, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, kutakuwa na upungufu wa huduma katika baadhi ya maeneo. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza.” Sarufi safi, nembo iko juu, sahihi na muhuri viko chini. Sasa msomee mama lishe anayepika kwa ndoo kumi kwa siku. Mtaa wake umo kwenye “baadhi ya maeneo”? Maji yatakatika saa ngapi, yatarudi lini? Boza litapita wapi? Nani wa kupigiwa simu? Na “nje ya uwezo wetu” ni nini, kama bomba hilo wananchi walisharipoti kwamba linavuja?

Mwanafunzi akiulizwa kwa nini hakuyaandika, hujibu kwamba swali halikumpa habari hizo. Jibu hilo linastahili kusikilizwa kwa makini, maana ndivyo ilivyo hata ofisini. Maafisa uhusiano wengi huletewa jambo likiwa limeshaiva. Kikao kimekaa, fundi mkuu ameeleza, mwanasheria ametahadharisha, mkurugenzi ameamua. Kisha anaitwa kijana wa mawasiliano aandike kitu kifupi na apige picha za ziara. Kuuliza bomba lilianza kuvuja lini kunaonekana utovu wa nidhamu. Taarifa inatoka ikiwa tupu, watu wanaijaza wenyewe kwenye makundi ya WhatsApp, na kesho yake afisa yuleyule anatumwa kugonga maandishi mekundu ya “feki” juu ya kila kinachosambaa.

Nadharia ya kumsaidia tunayo. James Grunig na Todd Hunt, katika kitabu chao cha mwaka 1984, waligawa kazi hii katika namna nne. Ya kwanza ni kutafuta kutangazwa kwa njia yoyote. Ya pili ni kutoa habari za kweli, lakini kwa kuelekea upande mmoja. Ya tatu ni kuwachunguza watu ili kujua namna ya kuwashawishi. Ya nne ni taasisi kuwasikiliza watu na yenyewe kukubali kubadilika. Wanafunzi huzikariri zote, na karibu kila mmoja huandika kwenye mtihani kwamba ya nne ndiyo bora. Kisha anakwenda mafunzo kwa vitendo, anakabidhiwa kamera na ukurasa wa Instagram, na anaonyeshwa orodha ya waandishi wa kupewa bahasha baada ya mkutano.

Mwisho wa njia hiyo tuliuona mwaka 2017. Bell Pottinger, kampuni ya London iliyokuwa na jina kubwa, ilikuwa ikilipwa na Oakbay, kampuni ya familia ya Gupta nchini Afrika Kusini, kwa kampeni iliyochochea chuki za rangi ili macho ya watu yaondoke kwenye tuhuma za ukaribu wa familia hiyo na Rais Jacob Zuma. Septemba mwaka huo chama cha wanataaluma cha Uingereza, PRCA, kiliifukuza uanachama. Wateja wakakimbia, na kabla ya mwezi kwisha kampuni ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Waliofanya kazi ile walikuwa na vipaji vya kila namna. Walikosa mtu wa kusimama mbele ya mkubwa na kusema kazi hii hatuifanyi, au alikuwepo akanyamazishwa.

Ujasiri huo hauji kwa kukariri maadili. Unahitaji mazoezi, na mazoezi yake ni ya kuandika. Kila kozi ingekuwa na kazi moja ambayo msomaji wake ni bosi: dokezo la kurasa mbili, lenye ushahidi, likieleza taasisi imekosea wapi, nani ameumia na nini kirekebishwe kabla ya neno lolote kutolewa nje. Mwanafunzi akae siku kadhaa mapokezi au dawati la huduma kwa wateja, asome kitabu cha malalamiko, asikie watu wanavyojibiwa. Asome pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoipa taasisi siku 30 kumjibu mwananchi wa Tanzania. Kenya ni siku 21. Afisa anayeijua sheria hiyo ana hoja ya kuingia nayo kikaoni, na hoja ya kisheria ni ngumu kuipuuza kuliko ombi la kijana mpya.

Waajiri wengi watasita kumfungulia mwanafunzi faili la malalamiko, na sababu zao zinaeleweka. Basi vyuo vianze na mafaili yao vyenyewe. Matokeo yanayochelewa, bumu (fedha za kujikimu) lisiloingia, foleni za usajili, mabweni yasiyo na maji: wanafunzi wa mwaka wa pili wayachunguze hayo, waandike madokezo, na anayeyapokea awe mshauri wa wanafunzi au makamu mkuu wa chuo, akilazimika kuyajibu kwa maandishi ndani ya siku 30.