Gari la dizeli la kuvuta mashua na kubeba familia: Anza na mizani, si jina

WAKAZI wa Port Reitz huyaona magari yaliyotumika kabla ya Wakenya wengine. Hushushwa Kilindini, huhamishiwa katika yadi za makontena zilizotapakaa Changamwe na Miritini, na mengine hukaa humo majuma kadhaa yakingojea ushuru, vioo vikiwa vimefunikwa na vumbi la malori. Ukaribu huo humfanya mnunuzi wa hapa ajione kuwa mjuzi. Hata hivyo, kuona gari kila siku si sawa na kulijua, hasa anapotafuta gari moja la kufanya kazi mbili zisizofanana: kuwapeleka watoto shuleni asubuhi, na mwishoni mwa juma kuvuta mashua kutoka hori ya Port Reitz hadi Shimoni au Kilifi.

Kazi ya pili ndiyo inayopaswa kuamua. Karibu gari lolote litafikisha watoto shuleni. Si kila gari litashuka kutoka Mazeras likisukumwa nyuma na tani moja na nusu, huku lori limesimama ghafla mbele yake na watoto watano wako viti vya nyuma.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kuuliza bei ya Prado. Ni kuupima mzigo. Ichukuliwe mashua ya fiba yenye uzito wa kilo 900, trela lake kilo 400, na mashine, mafuta, nanga na nyavu kilo 200. Jumla ni kilo 1,500. Wengi hukisia nusu ya hapo, kwa sababu huiona mashua ikielea na wakasahau uzito wake nchi kavu. Mizani ya kupimia malori hutoa jibu kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo.

Watengenezaji wa magari hutoa viwango viwili vya uzito wa kuvutwa: cha trela lenye breki zake na cha trela lisilo na breki. Prado ya muundo wa 150, iliyotoka mwaka 2009, iliuzwa Uingereza ikiruhusiwa kuvuta kilo 3,000 za trela lenye breki, lakini kilo 750 tu ikiwa trela halina breki. Hapa ndipo penye hatari. Trela nyingi zilizochomelewa katika karakana za mitaani hazina breki kabisa. Mwenye mashua ya kilo 1,500 juu ya trela la aina hiyo anavuta mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa, hata akinunua gari la mamilioni. Afadhali apunguze bei ya gari na atie breki kwenye trela.

Kuna hesabu nyingine ambayo hufanywa na wachache. Takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela hulalia kulabu ya gari. Kwa mfano uliotajwa, hizo ni kilo 150, na zinahesabika kama mzigo uliomo ndani. Gari la ukubwa huu huwa na nafasi ya kilo mia sita hivi za watu na mizigo. Abiria saba wa wastani wa kilo 65 ni kilo 455. Ukijumlisha na zile 150, nafasi imekwisha kabla ya mtungi wa maji na kapu la chakula kupakiwa. Shangazi wa nane itabidi apande matatu.

Baada ya mizani ndipo ifuate injini. Sheria ya Kenya, kupitia kiwango cha KS 1515:2000 kinachosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka minane. Mwaka 2025, kwa mfano, mlango ulikuwa wazi kwa magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Kwa Prado ya dizeli kutoka Japani, maana yake ni injini moja tu: ile ya lita 2.8 iitwayo 1GD-FTV, iliyoanza kutumika mwaka 2015.

Injini hiyo ina nguvu ya kutosha kuvuta mashua bila kuhema. Tatizo lake liko kwenye ekzosi. Kuna kichujio kinachokusanya masizi, na masizi hayo hujichoma yenyewe gari linapokwenda mwendo mrefu injini ikiwa moto. Prado za Japani pia hudai maji maalumu ya urea katika tangi la pembeni, na yakiisha injini hukataa kuwaka tena baada ya kuzimwa. Sasa fikiria maisha ya gari hilo kati ya Port Reitz na mzunguko wa Changamwe: kilomita tatu, foleni, kuzima, kuwasha. Kichujio hakipati nafasi ya kujisafisha. Taa ya onyo huwaka, mwenye gari huidharau, na baadaye hutajiwa bei ya kichujio kipya. Familia yenye safari fupi za kila siku inayolitaka gari hili inapaswa kulipa safari ndefu ya barabara kuu kila juma au mbili, iwe na mashua au bila. Injini hii pia si ya kunyweshwa dizeli ya madebe kando ya barabara.

Ushuru nao husema neno lake. Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2025, gari la dizeli linalozidi ujazo wa 2,500 lilitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa wa asilimia 35 na VAT ya asilimia 16, kila tozo ikikokotolewa juu ya jumla iliyotangulia. Gari ambalo Mamlaka ya Ushuru, KRA, imelikadiria kuwa na thamani ya shilingi 1,000,000 hulipiwa 350,000, kisha 472,500, kisha 291,600. Ni 1,114,100 kabla ya ada nyingine. Serikali imepata zaidi ya aliyeliuza gari. Likiwa chini ya ujazo huo, ushuru wa bidhaa hushuka hadi asilimia 25 na jumla ya tozo hizo tatu huwa 957,500. Ndiyo sababu Mazda CX-5 ya dizeli ya lita 2.2 imeenea. Kwa mashua ndogo inafaa. Lakini haina gia nzito za kupandia, na kwenye mchanga wa pwani maji yanapokupwa, gia hizo ndizo zinazotoa mashua baharini.

Wenye mfuko mdogo hurudi kwenye magari yaliyokwisha kusajiliwa nchini, na pengine hao ndio wenye uchaguzi mpana zaidi. Prado za zamani zenye injini ya 1KZ-TE ya lita tatu husifiwa na mafundi kwa urahisi wa kuzitengeneza, ila silinda hedi yake hupasuka injini ikichemka. Injini iliyopata kuchemka mara moja ikivuta mzigo ni ya kuogopwa. Iliyofuata, 1KD-FTV, ina nguvu zaidi, lakini noseli zake zinapovujisha moshi kwenye viziba vyake, oili huwa lami na huziba chujio la pampu chini ya injini. Mnunuzi afungue kifuniko cha oili na kutazama: weusi wa kawaida wa dizeli si tatizo, lakini tope zito linaloshikana ni sababu ya kuondoka. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, lita 4.2 bila tabo, hudumu sana na huenda polepole sana. Land Rover Discovery kutoka Uingereza huvuta hadi kilo 3,500, na huketisha watu saba kwa raha. Lakini injini zake za dizeli za V6 zimejijengea sifa mbaya ya kukatika mhimili mkuu, na hilo likitokea, hakuna ukarabati mdogo.

Gia za kujibadilisha zinahitaji uangalifu kuliko injini, kwa kuwa joto la kuvuta mzigo huanza kuua huko. Mafuta yake yanukie. Yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, gari hilo limekwisha kuvutishwa kupita kiasi. Prado hizo za zamani zina kitufe cha kufunga gia ya juu kabisa. Kifungwe kila trela linapokuwa nyuma, hasa kwenye mwinuko wa Mazeras wakati wa jua la adhuhuri.

Halafu kuna chumvi. Gari lililokuwa likishusha mashua baharini huonekana jipya juu na limeoza chini. Mnunuzi alale chini na tochi, agonge chesisi karibu na springi za nyuma, na akague mabomba ya breki. Rangi mpya nyeusi chini ya gari kuukuu ionwe kama swali, si kama pambo. Na akishanunua, asiingize magurudumu ya trela majini mara tu anapofika kutoka safarini: beringi zikiwa moto hupoa kwa ghafla na kunyonya maji ya bahari. Zikae nusu saa kwanza, na baadaye trela lioshwe kwa maji matamu, hata kama Port Reitz maji hayo ni ya kununua kwa mkokoteni.

Safari ya majaribio isiwe ya kuzunguka yadi. Gari lipande Mazeras likiwa limepakiwa, kiyoyozi kimewashwa, na jicho likiwa kwenye mshale wa joto. Kwa gari lililosajiliwa nchini, umiliki wake uthibitishwe kwa Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, kabla ya senti kutolewa. Kwa lililotoka Japani, muuzaji aombwe karatasi ya mnada ili kilomita zilizoandikwa humo zilinganishwe na zile za dashibodi na kuchakaa kwa pedali. Injini za 1KZ na 1KD zina mkanda unaobadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000, kutegemea injini. Muuzaji asipokuwa na rekodi, ichukuliwe kwamba haujabadilishwa, gharama yake ipunguzwe kwenye bei, na kazi hiyo ifanywe kabla mashua haijafungwa nyuma kwa mara ya kwanza.