Je, Wajua? Mvinyo Uliozikataa Zabibu Nyeupe

Je, wajua kwamba mmoja wa mivinyo myekundu inayosifika sana Italia uliwahi kuuzwa katika daraja la chini kabisa, la mvinyo wa mezani?

Ni Tignanello, wa familia ya Antinori, huko Toscana. Wakati huo sheria za Chianti, mvinyo maarufu wa eneo hilo, zilidai zabibu nyeupe zichanganywe hata katika mvinyo mwekundu. Piero Antinori na mtaalamu wake wa mvinyo, Giacomo Tachis, walifuata njia yao wenyewe. Mavuno ya 1971 yaliuzwa bila jina la Chianti kwenye lebo, na ilipofika 1975 zabibu nyeupe zilikuwa zimeondolewa kabisa. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, tena wa haki.

Siku hizi zabibu nyekundu za Sangiovese huchukua takriban asilimia 80 ya mchanganyiko. Zinazobaki ni Cabernet Sauvignon na Cabernet Franc.

Mvinyo hukomazwa katika mapipa madogo ya mwaloni. Mbao hupitisha hewa kidogo kidogo, na tanini, ile asili ya ukakasi itokayo kwenye maganda na kokwa, hulainika. Kazi hiyo huendelea ndani ya chupa, ambayo hulazwa ili kizibo kisikauke.

Mwonjaji huinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe. Ukingo wa zambarau huonyesha mvinyo mchanga. Wa rangi ya tofali, uliokomaa. Akiunusa huo uliokomaa, harufu ya cheri huwa imepisha ile ya ngozi na tumbaku. Mashapo yaliyotuama chini si uchafu: ni tanini na rangi zilizoshikamana, ndiyo maana chupa kongwe humiminwa taratibu.