Kutu ya Ngano na Udhaifu wa Jeni Moja

Mwaka 1998 watafiti nchini Uganda walikuta kutu ya shina imeshambulia ngano yenye jeni ya Sr31, ambayo wazalishaji wa mbegu katika nchi nyingi walikuwa wameitegemea kwa muda mrefu. Kutu hiyo ikapewa jina la Ug99, ikaenea Kenya, Ethiopia, Yemen hadi Iran. Mara nyingi husimuliwa kana kwamba kulizuka kuvu katili kuliko wote. Nionavyo, kilichoanguka ni mtindo wetu wa kuikinga ngano kwa jeni moja, kisha kuipanda kila mahali.

Kutu huhitaji mmea ulio hai. Vumbi lake, lenye rangi ya matofali, huota juu ya shina lenye unyevu, hupenya kwenye vitundu ambavyo mmea hupumulia, kisha huingiza vijimzizi ndani ya seli na kunyonya chakula. Ili usifukuzwe, kuvu humwaga humo protini za kuudhoofisha ulinzi wa mmea. Jeni nyingi za ukinzani hutambua mojawapo ya protini hizo, na seli iliyovamiwa hujiua. Mvamizi hafaidiki na mfu, hufa njaa. H. H. Flor, aliyechunguza kutu ya kitani nchini Marekani katika miaka ya 1940, alionyesha kwamba jeni ya mmea hukabiliana na jeni yake mahususi ya kuvu, na udhaifu umo humo humo. Protini ile ikibadilika au ikipotea, ulinzi hauoni kitu. Shamba lililougua hutoa vumbi lisilohesabika, na katika wingi huo chembe moja iliyobadilika inatosha. Tena kutu inapoishi kwenye ngano, seli zake huwa na viini viwili: utafiti wa mwaka 2019 ulibaini kwamba kiini kimoja cha Ug99 kinakaribia kuwa sawa kabisa na cha kutu iliyofahamika Australia tangu miaka ya 1950. Kutu mbili zilikutana zikabadilishana viini, bila kujamiiana.

Mtu atasema Sr31 ilitulisha kwa miongo kadhaa, na hiyo si hasara. Ni kweli, ila si kila jeni hubahatika hivyo. Ngano ya Digalu ya Ethiopia ilitegemea jeni ya SrTmp. Mwaka 2013 ikaangamizwa kusini mwa nchi hiyo na kutu isiyo ya ukoo wa Ug99. Mwaka uliofuata, ngano ya Robin ya Kenya, yenye SrTmp hiyo hiyo, ikashindwa na tawi jipya la Ug99. Kutu mbili za koo tofauti, kila moja kwa njia yake, zililipita lango lile lile. Dawa za kuua kuvu nazo zipo, na mwenye shamba kubwa Narok, Kenya, huzimudu. Wa ekari mbili huona gharama yake ikila mavuno.

Njia yenye matumaini zaidi ni kurundika jeni kadhaa, zikiwemo zile zinazopunguza kasi ya kutu bila kuizuia kabisa. Mojawapo ya hizo, Sr2, iliyoingizwa katika ngano ya mkate miaka ya 1920, bado inasaidia hadi leo. Pingamizi zito liko kwa mkulima: ngano ya namna hiyo huonyesha madoa, naye aliyelipia mbegu yenye ukinzani atadhani ametapeliwa. Kwa hiyo muuza mbegu aeleze mapema kwamba madoa machache hayamaanishi mavuno yamepotea, na wanaoidhinisha mbegu waulize ukinzani wake umesimama juu ya jeni ngapi kabla ya kuiruhusu itapakae nchi nzima.